Likembe ya umeme: sauti kubwa kutoka vitu vilivyotupwa



Ukitazama vizuri chini ya vitanda vyetu, hukosi kitu cha umeme kilichokufa. Redio isiyoshika tena, simu iliyoanguka ndani ya maji, ekuteri yenye sikio moja tu linalofanya kazi, mdoli wa mtoto ulioacha kuimba. Havitumiki, lakini mtu hana moyo wa kuvitupa. Na katika mitaa ya kambi zetu wapo wazee wanaojua kupiga likembe, inanga au zeze, ila siku hizi ni mara chache kuwasikia. Sababu moja ni rahisi: sauti yao ni ndogo. Likembe inasikika vizuri kwa watu watano au sita waliokaa karibu. Jirani akiwasha spika yake ya bluetooth, basi, mzee ameshindwa. Anaiweka likembe yake kando, na watoto hawajui hata ilikuwa inalia namna gani.

Mwezi huu tunaviunganisha vitu hivyo viwili, redio iliyokufa na mzee aliyenyamaza. Tutaeleza jinsi watu wa Kinshasa walivyoifanya likembe isikike barabarani kwa vyuma vya magari, kisha tutaonyesha kazi ndogo ambazo familia inaweza kujaribu kwa pesa kidogo. Mwishoni tutasema juu ya hatari, na tunaomba wazazi wasiiruke sehemu hiyo.

MGENI ALIYEZOEA NYUMBA ZETU

Likembe ni kisanduku kidogo cha mbao chenye vibao vyembamba vya chuma ambavyo hupigwa kwa vidole gumba. Watafiti wa muziki wanaeleza kwamba ilitoka upande wa chini wa mto Kongo, ikasambaa kuelekea mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Walioibeba walikuwa wapagazi, askari na vibarua, watu waliotembea mbali na kwao wakahitaji kitu chepesi cha kuwaliwaza njiani. Hapa Rwanda na Burundi inaitwa ikembe. Waacholi wa Uganda wanaiita lukeme. Wagogo wa Tanzania nao wana ndugu yake, ilimba.

Kwa hiyo tangu zamani ni ala ya watu walio safarini. Inaingia ndani ya mfuko, na ikivunjika inatengenezwa upya kwa chochote kilichopo. Mafundi wengi wamefua vibao vyake kwa spoku za baiskeli na vyuma vya miavuli mibovu. Kibao kirefu kinatoa sauti nene, kifupi kinatoa sauti nyembamba. Ukitaka kurekebisha sauti, unakisukuma mbele au unakivuta nyuma. Wengine huzungushia pete ndogo za bati kwenye vibao ili kila sauti iwe na mvumo kama wa nyuki. Kumbukeni mvumo huo, tutaurudia.

MZEE MINGIEDI NA KELELE ZA KINSHASA

Mawangu Mingiedi alikuwa mtu wa kabila la Wazombo, wanaokaa pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Angola. Huko kwao kulikuwa na muziki wa sherehe uliopigwa kwa tarumbeta za pembe za ndovu. Akiwa Kinshasa katika miaka ya 1960 alianzisha kikundi, akauhamishia muziki huo kwenye likembe. Kikundi kikajulikana kwa jina la Konono No. 1.

Shida ikawa ile ile ya wazee wetu. Kinshasa ni mji wa magari, baa na makelele. Likembe ikipigwa nje kwenye msiba au sherehe, nani ataisikia? Vifaa vya kiwandani vilikuwa ghali. Basi wakatengeneza vyao. Walitoa sumaku ndani ya vipuri vya magari makuukuu, wakachonga vipaza sauti kwa mbao, na sauti ikatolewa kwa vipaza sauti vya honi ambavyo Wabelgiji walikuwa wameviacha. Walipiga likembe tatu za umeme, moja ya sauti nene, moja ya kati na moja nyembamba. Ngoma zao zilichanganywa na vyuma chakavu vya magari.

Vifaa hivyo havikutoa sauti safi. Ilikwaruza, ikavuma, ikapasuka. Fundi wa studio angesema kifaa kimeharibika. Wao waliisikia vingine, kwa sababu likembe tangu zamani ilikuwa na mvumo wake wa pete za bati. Umeme uliukuza mvumo ule, nao wakauacha.

Mbelgiji mmoja mpenda muziki, Vincent Kenis, alisikia rekodi ya kikundi hicho katika redio ya Ufaransa, akakitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao iliyoitwa Congotronics. Baada ya hapo Konono walialikwa Ulaya na Marekani, na mwaka 2007 mwimbaji Björk wa Iceland akawashirikisha katika albamu yake Volta. Mzee Mingiedi alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 85. Alikuwa ameipiga likembe yake ya umeme karibu miaka arobaini kabla dunia haijamsikia.

Na si yeye peke yake. Katika kikundi cha Staff Benda Bilili, ambacho wanamuziki wake wengi walikuwa walemavu wa polio waliopiga karibu na bustani ya wanyama ya Kinshasa, kijana Roger Landu alijitengenezea ala yenye uzi mmoja kwa mkebe, mti uliopindwa na waya. Akaiita satonge. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2009. Tena mwaka 2019 kikundi cha KOKOKO!, cha Kinshasa pia, kilitoa albamu Fongola iliyopigwa kwa ala za chupa, makopo na vyuma vilivyookotwa.

KWA NINI SUMAKU INASIKIA

Watoto watauliza, sumaku inasikiaje? Jibu ni hili. Ukizungusha waya mwembamba wa shaba mara nyingi kuzunguka sumaku, kisha chuma kikatikisika karibu yake, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya. Chuma kikitikisika mara 200 kwa sekunde, umeme nao unakwenda na kurudi mara 200. Amplifaya inaukuza umeme huo, spika inaurudisha kuwa sauti. Basi, siri ni hiyo tu. Gitaa la umeme linafanya kazi hivyo hivyo.

Sasa fungueni spika iliyokufa muone ndani. Kuna sumaku, kuna waya wa shaba uliozungushwa, kuna karatasi. Umeme ukiingia, karatasi inatikisika na sauti inatoka. Lakini mlango huo unafunguka pande zote mbili: sauti ikiitikisa karatasi, umeme unatoka. Ndiyo maana ekuteri ya kusikilizia inaweza kugeuka kipaza sauti. Wengi wetu tumetembea na kipaza sauti mfukoni miaka yote bila kujua.

TUJARIBU NYUMBANI

Kazi ya kwanza haihitaji umeme. Mwombeni mzee apige likembe hewani, kisha aiweke juu ya jerikani tupu iliyofungwa, au debe la mafuta ya kupikia lililooshwa, apige tena. Sauti itaongezeka papo hapo, kwa sababu chombo kizima kinatikisika na kusukuma hewa nyingi zaidi. Jaribuni beseni, ndoo, meza. Watoto waandike kipi kimeshinda. Kwa nyumba isiyo na pesa hata kidogo, hii peke yake inatosha kwa jioni moja nzuri.

Kazi ya pili ni ya ekuteri. Mnahitaji ekuteri kuukuu ambayo hata sikio moja linafanya kazi, selotepu (wengine tunaita skochi), na spika au redio yenye tundu lililoandikwa MIC.

1. Punguzeni sauti ya spika mpaka chini kabisa.
2. Chomekeni pini ya ekuteri kwenye tundu la MIC. Kama tundu ni kubwa kuliko pini, mafundi wa redio wanauza adapta ndogo.
3. Ongezeni sauti polepole huku mtu akizungumza ndani ya sikio la ekuteri. Likiitika, kazi inakwenda. Lisipoitika, jaribuni sikio la pili.
4. Bandikeni sikio hilo kwa selotepu juu ya kisanduku cha likembe, likibana mbao vizuri. Jaribuni mbele, nyuma na pembeni, kwa kuwa kila mahali pana sauti yake.

Spika ikianza kupiga mluzi mkali, msiogope. Maana yake sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye ekuteri, inatoka tena, inazunguka bila kukoma. Wekeni spika mbele ya mpigaji ielekee watu, mpigaji akae nyuma yake, na mpunguze sauti kidogo.

Kazi ya tatu inatoa sauti bora zaidi. Ndani ya midoli inayolia na saa za mezani zenye kengele ya umeme mara nyingi kuna kisahani chembamba cha rangi ya shaba chenye duara jeupe katikati. Kile cheupe ni aina ya udongo wa kauri. Ukikikandamiza au kukitikisa kinatoa umeme. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua tabia hiyo katika mawe fulani mwaka 1880, na viberiti vingi vya jiko la gesi vinavyopiga "ta!" vinafanya kazi kwa njia hiyo. Ungeni waya mmoja kwenye shaba na mwingine kwenye duara jeupe, halafu mwende nao kwenye pini ya MIC. Kigandisheni kisahani kwa gundi chini ya kisanduku cha likembe, au kwenye tumbo la inanga au zeze. Kuweni wapole, kile cheupe kinavunjika upesi, na moto wa kuchomelea ukikaa juu yake muda mrefu unakiua.

KWA WANAFUNZI WA SEKONDARI: ALA INAYOPIGWA KWA KIVULI

Hii ni kwa vijana wanaosoma fizikia. Kuna chipu ndogo ya miguu minane inayoitwa 555. Aliyeibuni ni Hans Camenzind, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, na ilianza kuuzwa mwaka 1972. Ni ya bei ndogo na bado inatengenezwa mpaka leo.

Mnahitaji pia betri ya volti 9, spika ndogo, resista ya kilo-omu 1, resista ya omu 100, kapasita ya maikrofaradi 0.1, kapasita ya maikrofaradi 100, na resista ya mwanga, ile yenye uso wa mistari ya nyoka ambayo hubadilika ikiona mwanga.

Mguu wa 1 uende kwenye hasi ya betri. Mguu wa 8 na wa 4 iende kwenye chanya. Resista ya kilo-omu 1 iunge mguu wa 8 na wa 7. Resista ya mwanga iunge mguu wa 7 na wa 6. Mguu wa 6 uungwe na wa 2 kwa waya. Kapasita ya 0.1 iunge mguu wa 2 na hasi. Kutoka mguu wa 3 pitisheni resista ya omu 100, kisha kapasita ya 100 (upande wake wa chanya uelekee kwenye chipu), kisha spika, kisha hasi.

Sasa pitisheni mkono juu ya resista ya mwanga. Mwanga ukiwa mwingi na resista ikishuka mpaka kilo-omu 10, mtapata karibu mitetemo 700 kwa sekunde, sauti nyembamba. Kivuli kikiipandisha mpaka kilo-omu 100, sauti inashuka karibu mitetemo 70, nzito kama gari linalopanda mlima. Mnapiga muziki bila kugusa kitu. Mwalimu wa fizikia atafurahi kuwauliza kwa nini.

VIFAA VINAPATIKANA WAPI

Kwa walio Kigali, mafundi wa redio na simu wako wengi upande wa Nyabugogo, Nyamirambo na katikati ya mji. Nyamirambo, hasa Biryogo, Kiswahili kinazungumzwa tangu enzi za wakoloni, kwa hiyo hata mgeni wa jana anaweza kuuliza bei bila mkalimani. Fundi anayekarabati redio kila siku huwa na sanduku la spika zilizokufa, waya na pini. Omba kwa heshima, nunua kidogo kwake, na usione aibu kuomba kutazama anavyochomelea.

Mwaka 2016 ilifunguliwa pia FabLab Rwanda huko Kacyiru, karakana ya wabunifu yenye mashine za kukatia na kuchapisha vitu. Vijana wanaosoma mjini waulizie masharti yao. Mabaki yasiyofaa tena msiyatupe mfereji wala msiyachome. Rwanda ina kituo cha kuchakata mabaki ya vifaa vya umeme wilayani Bugesera, kusini mwa Kigali. Muulizeni kiongozi wa mtaa au shirika linalowahudumia njia ya kuyafikisha huko.

Kwa walio kambini, anzeni na kilichomo chini ya kitanda. Kila kitu tulichotaja katika kazi ya kwanza na ya pili kinaweza kupatikana bila safari ya mjini.

WAZAZI, HAPA TUSIKILIZANE

Mtoto anayefungua vitu anajifunza, lakini anaweza pia kuumia. Nyumba zetu zimebanana, moto wa nyumba moja ni moto wa mtaa. Tunaomba mambo haya yashikwe.

Kifaa cha umeme wa ukutani kisifunguliwe na mtoto, hata kikiwa kimechomolewa. Televisheni ya zamani yenye kisogo kikubwa inaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti baada ya kuzimwa. Mikrowevu ni hatari vile vile. Kazi zote za makala hii zifanywe kwa betri ndogo za redio au spika yenye betri yake. Na wakati spika imechomekwa kwenye chaja, msiunge waya wowote.

Betri ya simu isitobolewe, isipondwe, isitupwe motoni. Iliyovimba isichajiwe tena. Betri ya gari ina tindikali inayochoma ngozi na macho, isifunguliwe.

Msichome nyaya ili kupata shaba. Moshi wa ile plastiki ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani aliyelala.

Risasi ya kuchomelea huwa na madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Achomelee mtu mzima au kijana mkubwa, nje au penye hewa, mbali na chakula, na anawe mikono kwa sabuni akimaliza. Mama mjamzito na watoto wadogo wakae mbali.

Jambo la mwisho ni jirani. Sauti tuliyoitafuta kwa bidii yote hii isiwe ugomvi. Yupo mgonjwa, yupo mwenye mtoto mchanga, yupo anayeshtuka kwa kelele kwa sababu ya aliyoyaona njiani. Pigeni mchana, na muage kabla.

MZEE ANAJUA SAUTI, KIJANA ANAJUA WAYA

Kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwanzoni, leo ni mzazi. Waliokuwa Gihembe walikaa tangu 1997, na mwaka 2021 kambi ikafungwa kwa sababu ya makorongo, wengi wakahamishiwa Mahama. Kila tunapohama tunapakia masufuria, magodoro na vyeti. Nyimbo hazipakiwi. Zinakwenda na mtu anayezijua, na mtu huyo akiondoka duniani bila kumfundisha mwingine, hakuna lori litakalozirudisha.

Hapo ndipo ekuteri iliyokufa inapokuwa na kazi. Kijana anaweza kuunga waya asubuhi moja, lakini hajui vibao vya likembe vinapangwa vipi, kipi kinaanza na kipi kinajibu. Mzee anajua, ila hajui pini ya MIC. Hakuna atakayemaliza peke yake. Kijana akienda kwa mzee na kusema, "Babu, nimetengeneza kitu ili watu wakusikie," tunaamini mzee atatafuta ile likembe alikoiweka.

Familia itakayojaribu, tuleteeni habari kupitia mwakilishi wa mtaa wenu: mlitumia nini, kililia namna gani, na wimbo wa kwanza uliopigwa ulikuwa wa nani. Tutachapa habari zenu katika toleo lijalo, zile zilizofaulu na zile zilizopiga mluzi tu.